Mzingile wa sala: kuupima, kuupanga mawe na kuutembea

Kamusi zinautaja mzingile kama njia ya mizunguko inayompoteza mtu. Ndiyo maana ukipeleka wazo la kujenga mzingile wa sala kwenye baraza la wazee wa kanisa, swali la kwanza litakuwa: "Sasa watu wakapotee humo ili iweje?" Jibu ni kwamba mzingile wa sala hauna njia panda. Una mlango mmoja na njia moja inayozunguka mpaka katikati, kisha njia hiyohiyo inakurudisha nje. Miguu haina cha kuchagua, na faida iko hapo: kichwa kilichoshinda kikiamua mambo kinabaki na kazi ya kusali tu. Kwa sababu hiyo kosa la kipimo linagharimu. Mstari mmoja ukiungwa pasipo pake, mtembeaji ataanza kuhesabu mizunguko na sala itakuwa imeishia hapo.

Anayedhani ni mtindo wa Wazungu uliokuja jana aelezwe kwamba mzingile wa zamani zaidi unaojulikana ndani ya kanisa ulikuwa Afrika. Ni nakshi ya sakafu ya kanisa la Reparatus, mahali panapoitwa leo Chlef, nchini Algeria, ya mwaka 324, na katikati yake herufi zimepangwa zisomeke kwa Kilatini "Kanisa Takatifu". Ule wa kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, uliwekwa mwanzoni mwa karne ya 13. Una upana wa karibu mita 13 na njia ya mita 260 hivi, mizunguko 11. Mingine iling'olewa, kama wa Reims mwaka 1779. Desturi ya kuitembea kwa sala iliamka upya hasa baada ya mwaka 1991, pale kasisi Lauren Artress alipoleta mzingile wa turubai katika kanisa kuu la Grace, San Francisco, Marekani.

Tunaouelekeza hapa si wa Chartres. Huo una mikunjo mingi mno kwa kamba na vigingi. Tutachora ule wa mizunguko saba, umbo la kale kuliko Ukristo wenyewe (lipo kwenye sarafu za kale za kisiwa cha Krete), ambao uchoraji wake huanzia kwenye msalaba. Fundi yeyote anayeweza kuweka msingi wa nyumba mraba ataumudu.

Waambie watu kwanza

Duara la mawe likitokea ghafla kwenye kiwanja cha kanisa, iwe Mbeya, Njombe au Tukuyu, halitamaliza siku mbili kabla ya kupewa jina baya. Tangazeni ibada mbili mfululizo, mwiteni na mwenyekiti wa mtaa, na kazi ifanyike mchana, vijana na akina mama wakiwepo. Msichore kwa unga. Kuku na siafu wataufuata, na unga uliomwagwa kwa duara una maneno yake. Jivu la jikoni linatosha kuchorea, ila lisilale uwanjani likiwa peke yake: siku mtakayochora, wekeni mawe walau kwenye msalaba wa katikati.

Kiwanja na msimu

Kwa njia ya sentimita 60, mchoro unachukua upana wa mita 9 na urefu wa mita 8.1. Ongeza mita moja kila upande na mita mbili mlangoni. Eneo la mita 11 kwa 11.1 litawatosha.

Mteremko kidogo si tatizo. Uelekeze mlango upande wa chini, maana huko ndiko mistari ilikoachia uwazi na maji yatapata pa kutokea. Upande wa juu chimba mfereji wa kina cha kiganja uyapitishe maji ya mvua pembeni. Usijenge chini ya mikaratusi: mizizi inainua mawe, na magome yanayoanguka yanaifunika njia kila wiki.

Wakati mzuri wa kujenga ni Juni hadi Oktoba. Rungwe subirini Juni iishe, kwa sababu mvua za huko hazina haraka ya kuondoka. Udongo uliokauka kabisa haupokei kigingi, kwa hiyo mwagieni maji jioni ya kuamkia siku ya kazi.

Vifaa

Vigingi 26 vya mianzi, kila kimoja sentimita 40. Nyundo. Futi ya mita 5. Uzi wa fundi wa nailoni, kama mita 30; kamba ya katani iacheni, ikipata umande inabadilika urefu. Ndoo mbili za jivu lililochekechwa. Na mawe: mistari yote kwa jumla ni mita 108 hivi, hivyo jiwe moja kila sentimita 25 ni mawe 430. Yakiwa ya kilo tatu tatu, huo ni mzigo wa karibu kilo 1,300. Leteni kwa kirikuu kwa safari mbili au tatu, msilazimishe moja. Iringa mawe yako mlangoni kwa kila mtu. Palipo shida ya mawe, matofali ya kuchoma yaliyovunjika tanurini yanafaa, na wenye matanuri huyatoa kwa bei ya kuyaondoa.

Kuchora

1. Tafuta katikati ya upana wa mita 9, pima mita 4.5 kutoka ukingo wa juu wa mchoro, piga kigingi. Kiite K. Simama upande wa mlango ukikitazama. Kushoto na kulia kote kwenye maelezo haya ni kwako wewe uliyesimama hapo. Vuta uzi upite K ukikata kiwanja kushoto kulia, mita 4.5 kila upande. Uzi huu usiondolewe mpaka mwisho.

2. Sasa mbegu ya mchoro: mraba wa mita 2.4 wenye vigingi 25, mistari mitano ya vigingi vitano, sentimita 60 kati ya kimoja na kingine. Safu za kushoto kwenda kulia ziite A, B, C, D, E. Mistari ihesabu kutoka mlangoni: 1 chini, 5 juu. Mstari wa 5 unakaa juu ya ule uzi. C5 iko sentimita 30 kushoto kwa K, D5 sentimita 30 kulia. Ndiyo, K haiko juu ya msalaba. Iko kati ya C5 na D5, na hapa ndipo wengi wanapokosea.

3. Hakikisha mraba. Kutoka A1 hadi E5 iwe mita 3.39, na A5 hadi E1 vivyo hivyo. Zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita mbili, rekebisha kabla ya kuendelea. Kosa la hapa linakua kadiri unavyoelekea nje.

4. Mwaga jivu kwenye msalaba: C1 hadi C5, na A3 hadi E3. Kisha viwiko vinne, kila pembe na chake: B5–B4–A4, D5–D4–E4, B1–B2–A2, D1–D2–E2. Vigingi vya pembe, yaani A1, A5, E1 na E5, vinabaki nukta tu kwa sasa.

5. Matao ya juu. Funga kitanzi cha uzi kwenye K na uchore nusu duara nane juu ya ule uzi wa kiwanja, kwa vipimo hivi: sentimita 30, 90, 150, 210, 270, 330, 390, 450. La kwanza litaunga C5 na D5. La pili litaunga B5 na E5. La tatu litaanzia A5 na kushuka kulia mahali pasipo na kigingi. Liache hapo hapo kwenye uzi. Yaliyobaki pia yanaishia kwenye uzi pande zote mbili.

6. Kushoto chini. Hamishia kitanzi A5. Chora robo duara kutoka kwenye uzi kushuka kulia: sentimita 60 ifike A4, 120 ifike A3, 180 ifike A2, 240 ifike A1. Ya 300 itaishia sentimita 60 chini ya A1. Kutoka hapo hamishia kitanzi A1, na kwa sentimita 60 ukunje mstari uingie B1.

7. Kulia chini. Kitanzi kiwe E5. Sentimita 60 ifike E4, 120 ifike E3, 180 ifike E2, 240 ifike E1. Ya 300 na ya 360 zinapita chini ya E1. Hamishia kitanzi E1: kwa sentimita 60 ule wa ndani uingie D1, kwa sentimita 120 ule wa nje uingie C1.

Mlango ni uwazi uliobaki kati ya B1 na C1.

Kitanzi kiwe kipana kiweze kuzunguka kigingi. Uzi ukifungwa kwa fundo kali unajiviringisha na kufupika kadiri unavyotembea, na tao lako la sentimita 450 litamalizikia 445 upande wa pili. Kijana mmoja akae ameshika kigingi kwa mikono miwili, K hasa, maana kinavutwa sana.

Kabla jiwe lolote halijawekwa, tembea njia nzima juu ya jivu. Mizunguko ukiihesabu kutoka nje kwenda ndani, utaikanyaga kwa mpangilio huu: wa 3, wa 2, wa 1, wa 4, wa 7, wa 6, wa 5, kisha katikati. Mpangilio ukitoka tofauti, au ukijikuta unazunguka bila kufika, kuna tao limeungwa kwenye kigingi cha jirani. Karibu kila mara kosa huwa upande wa kulia chini, kati ya E2 na E1.

Kupanga mawe

Jiwe likae juu ya mstari, nusu huku nusu huku. Likiwa na upana wa sentimita 15, njia uliyoipima 60 imebaki 45, na hiyo ni ya kupita mtu mmoja kwa uangalifu. Mwenye eneo apime 75 badala ya 60. Vipimo vyote vya hatua zilizopita vizidishe kwa 1.25 na mchoro utakuwa mita 11.25 kwa 10.1. Kiti cha magurudumu kinahitaji nafasi wazi ya sentimita 90, kwa hiyo pima 110, na kiwanja cha mita 16.5 kwa 15.

Zika kila jiwe theluthi moja. Lililowekwa juu juu litasukumwa na mbuzi, watoto na fyekeo, kwa utaratibu huo huo. Upande wa bondeni acheni mwanya wa sentimita 10 kila baada ya mita mbili za mstari, la sivyo mistari inakuwa mifereji na maji ya Januari yanaifuata njia kuzunguka yote saba. Ng'oeni vigingi vyote mkimaliza. Kigingi kilichosahauliwa hukamata upindo wa kitenge, na anayekutana nacho kwanza huwa ni bibi wa watu.

Njia yenyewe ikiwa na ukoka, mkiukata mfupi inatosha. Ikiwa ni udongo mwekundu, mwageni changarawe, au maranda ya mashine za mbao kama mko upande wa Mafinga, unene wa vidole viwili. Maranda yataleta mchwa mwaka wa pili. Yakusanyeni, mwageni mapya.

Kuutembea

Njia ya sentimita 60 ina urefu wa kama mita 93 kutoka mlangoni hadi katikati. Kwa mwendo wa polepole ni dakika 6 hadi 10 kuingia na muda huohuo kutoka. Pamoja na kusimama katikati, tenga nusu saa. Njoo umevaa sweta ikiwa ni Juni au Julai, maana mwendo huu haumpashi mtu joto. Kuvua viatu ni hiari. Wengine wanapenda kwa kukumbuka Kutoka 3:5, lakini si asubuhi ambayo umande wa Makete umeganda kwenye nyasi.

Keti kando dakika tano. Soma kifungu kimoja kifupi, si sura tatu. Zaburi ya 121 inasomeka vizuri mahali penye milima. Zaburi ya 46 inamfaa aliyekuja na hofu. Habari ya Emau, Luka 24:13–35, ni ya watu waliokuwa wakitembea, na inamfaa aliyefiwa. Kisha amua utasali kwa namna gani, kwa sababu ukiingia bila kuamua utatumia mizunguko mitatu ya kwanza kuamua.

Namna iliyo rahisi kwa Wakatoliki na Walutheri sawia ni Baba Yetu, kwa kuwa mapokeo yote mawili huhesabu maombi saba ndani yake na mizunguko ni saba. Mlangoni sema "Baba yetu uliye mbinguni", kisha kila mzunguko ombi moja, ukilirudia polepole na kuliwekea majina ya watu na mambo yako. Ombi la tatu, la mapenzi yake kutimizwa, litakuangukia kwenye mzunguko wa nje kabisa, mrefu kuliko yote. La nne, la riziki, lipo kwenye mzunguko wa katikati. La tano, la msamaha, linakuja kwenye mzunguko mdogo kabisa, uliobana, ambao unaukamilisha kwa hatua chache tu. Hapo tembea kwa hatua ndogo zaidi. Wengi wanalipita mbio.

Wa Moravian na wengine wasiozoea sala ya kukariri wanaweza kushika mstari mmoja wa Biblia, au Sala ya Yesu: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu," kwa pumzi ya kuingia, "unihurumie mimi mwenye dhambi," kwa pumzi ya kutoka. Usiiwianishe na hatua kwa nguvu. Baada ya mzunguko mmoja vitapatana vyenyewe.

Wakiingia, watu huacha; katikati hupokea; wakitoka hubeba. Mapokeo ya kale ya sala yanataja hatua tatu, kutakaswa, kuangaziwa na kuunganika na Mungu, na viongozi wengi huzilinganisha na mwendo huu. Ni msaada, si sheria. Ikiwa katikati hukupata neno lolote, simama tu pumzi kumi, geuka, toka.

Mahali pawili pana mtego. Ukimaliza mzunguko wa tatu kwa kutembea (ule wa 1 kutoka nje) njia inakushusha hadi jirani kabisa na mlango, mstari mmoja tu unakutenga nao. Watu hudhani wamerudishwa nje na huvuka. Usivuke, pinda kulia uendelee. Na ukiwa kwenye mzunguko wa tano kwa kutembea (ule wa 7 kutoka nje) unakizunguka kitovu karibu sana, unaweza kukigusa kwa fimbo, kisha njia inakupeleka tena mbali nacho. Hapo nyuso hubadilika. Msimamizi asimwite mtu wala kumwonyesha kwa kidole. Njia iko sawa, na kukatishwa tamaa huko ni sehemu ya sala yake.

Mkiwa kundi

Kwa mzingile wa sentimita 60, watu wanane kwa wakati mmoja ndio mwisho. Msimamizi akae mlangoni na saa, amruhusu mtu kila baada ya dakika mbili, mradi walio ndani hawajafika wanane. Kundi la 30 la mafungo ya Kwaresima lihesabieni saa mbili, na wanaosubiri wawe na la kufanya kanisani, rozari, nyimbo au ukimya, si kusimama kandokando wakitazama migongo ya wenzao.

Katikati hapa ni pafinyu, panamtosha mtu mmoja. Mtu akikuta mwenzake ndani, asubiri hatua tatu nyuma. Asiyetoka baada ya dakika tano apigiwe kengele ndogo mara moja, na hili litangazwe mwanzoni ili lisimvunjie mtu heshima.

Anayetoka atakutana na anayeingia. Anayetoka ndiye anayepisha: anaweka mguu mmoja juu ya mstari, mwingine unabaki kwenye njia yake, vidole vikielekea alikokuwa anakwenda. Akiinua miguu yote miwili atarudi kwenye njia ya jirani au atageuka nyuma bila kujua, na utamwona dakika tano baadaye akifika katikati hali yeye alikuwa anatoka. Mzee akipita, kijana ampishe hata kama kanuni inasema vinginevyo. Shikamoo zisubiri nje. Kuinamisha kichwa kunatosha, na hili lisemwe wazi, maana huku kwetu mtu kumpita mkubwa wake kimya anaona amekosa adabu.

Kizunguzungu huwapata wanaotazama vidole vya miguu. Tazama mita mbili mbele, na kwenye mapindo sita pinda kwa hatua tatu, si moja.

Kwa asiyeweza kutembea

Mchoro huuhuu unaingia kwenye karatasi ya A4. Badala ya sentimita 60 tumia 1.2, na utapata upana wa sentimita 18. Uchore kwa kalamu nzito, ubandike kwenye kipande cha ubao, kisha upite juu ya mistari kwa gundi ya mbao na kuimwagia mchanga mwembamba. Ikikauka, mistari inakuwa vikuta vidogo ambavyo mgonjwa anavihisi kwa kidole hata akiwa amefumba macho. Atumie mkono asiouzoea, wa kushoto kwa wengi, kwa sababu ule wa kulia hukimbia. Anayemhudumia amshikie ubao usiteleze kwenye blanketi, na asiuelekeze mkono wake.